Kilo 214 kwenye tundu la sentimita 70: uzoefu wangu wa kupigwa picha za tumbo

Nianze na namba, maana ndizo zilizonizungusha wiki tatu: nina kilo 214. Maumivu yalikuwa chini ya mbavu za kulia, yakinipanda hadi begani kila nikila kitu cha mafuta, na daktari akashuku mawe kwenye mfuko wa nyongo. Akaniandikia altrasaundi. Kipimo chepesi, alisema.

Chepesi kwa wenzangu. Nilifika asubuhi sijatia kitu tumboni tangu jana yake, nikapakwa jeli, mpimaji akaanza kutafuta. "Dada, geukia ubavu wa kushoto. Vuta pumzi, izuie." Akakandamiza kifaa katikati ya mbavu mpaka jasho likamtoka yeye. Kwenye skrini mimi niliona ukungu wa kijivu tu. Alinieleza bila kunung'unika, na kwa hilo namsifu: mafuta huyafifisha mawimbi ya sauti kabla hayajafika kwenye kiungo na kurudi. Akishusha masafa yanapenya zaidi, ila picha inapoteza makali. Ripoti ikaandikwa kwamba mfuko wa nyongo "haukuonekana vizuri kutokana na umbile la mgonjwa". Sentensi hiyo nililipia bei kamili. Nami mwanzoni niliisoma kama habari njema, nikidhani hakuna tatizo. Kumbe hawakuona, basi.

Nyota tatu, kwa ajili ya yule mpimaji.

Kituo cha pili kilikuwa cha CT, mashine ya eksirei inayokupiga picha za mwili vipande vipande. Nilitangulia kupiga simu, nikasema wazi kwamba mimi ni mnene sana. "Njoo tu." Nikaenda. Mzani wa mapokezi ulikuwa unaishia kilo 200, ukaandika kosa mara mbili. Mtaalamu wa mionzi akainama, akanionyesha kibandiko ubavuni mwa meza: 200. Ile meza si kitanda cha kulalia tu. Inaingia na kutoka kwenye mashine kwa mota, kidogo kidogo, kwa hesabu ya milimita, na ikizidiwa picha zinaharibika au inagoma nikiwa juu yake. Hapo sina ugomvi naye. Na hata ingenibeba, mashine nyingi za CT huchora vizuri eneo la sentimita 50 hivi, nyama inayobaki nje ya hapo inakatika au inachafua picha.

Ugomvi wangu ni na mlango alioufungua akawatangazia wenzake foleni ikisikia: "Huyu meza haimbebi." Huyu! Nyota moja, nayo ni ya feni.

Cha tatu walinishangaza kwenye simu. Kabla ya kunipa siku, dada wa mapokezi aliuliza kilo zangu, halafu akaniambia nisimame mikono ikiwa ubavuni, mtu anipime upana kutoka kiwiko hadi kiwiko. Mdogo wangu alitumia utepe wa fundi cherehani: sentimita 66. "Utaingia," akasema. Meza yao ya MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, inabeba kilo 250 na tundu unaloingizwa ni la sentimita 70; mashine za zamani nyingi ni 60, na huko ningegota mabegani tu. Ila msidanganyike na hizo 70. Tundu ni duara, na meza inakaa ndani yake, kwa hiyo juu ya tumbo nafasi ni ndogo kuliko namba inavyosema, na bado kuna kile kifaa cha kupokea mawimbi wanachokufunika nacho tumboni.

Walininyoosha mikono juu ya kichwa, upana ukapungua. Wakanizungushia visponji kila upande, kwa sababu ngozi ikigusa ukuta wa tundu muda mrefu inaweza kuungua, na wakanikataza kushikanisha viganja kwa sababu hiyo hiyo. Mkononi nilipewa kimpira cha kubonyeza nikizidiwa. Dari lilikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yangu ilinirudia usoni. Nilifumba macho kabla hawajanisukuma ndani, na nawashauri mfanye hivyo. "Vuta pumzi, toa, zuia." Sekunde kumi na tano, ishirini, mara nyingi sikuhesabu. Nilikibonyeza kimpira mara moja. Wakanitoa papo hapo, wakanipa maji, wakanisubiri bila kuangalia saa.

Mawe yalikuwepo, na moja lilikuwa limeshateremka kwenye mrija wa nyongo. Ndilo lile ambalo altrasaundi ililipitia juu bila kuliona.

Hawa nawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya gauni: walinipa mawili, moja nikavaa mbele na jingine nyuma, na bado nilitembea kwenye korido nimeshikilia ubavu.