Siku mbili Sarit na katoni mbili za riwaya: uzoefu wangu

Nilibeba nakala 60 za riwaya yangu, nikarudi na 37. Naanza na hesabu kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mwandishi anayesikia nilikwenda Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, katika ukumbi wa Sarit. Kwa bei ya shilingi 700, ukitoa nauli ya treni ya SGR, malazi na mchango wangu wa kibanda tulichokodi watu watatu, faida ilitosha chai na mahamri. Kama shida yako ni pesa, ishia hapa.

Safari ilianza Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, pale mizigo inapopangwa mstari chini mbwa wa polisi wainuse. Mbwa alizipita katoni zangu bila shauku, sawasawa na walimu niliokutana nao kesho yake.

Maana Ijumaa ni siku ya shule. Sare za kila rangi zinajaa ukumbini, na kila kundi lina mwalimu wake. Mwalimu anachukua riwaya yako, anaigeuza, anasoma nyuma ya jalada, kisha anauliza kama taasisi ya mitaala imeipitisha: "Imeidhinishwa na KICD?" Hapana, mwalimu, ni riwaya ya kusoma tu. "Ya kusoma tu?" Anairudisha mezani polepole, kama mtu aliyebonyeza embe akalikuta bichi. Niliulizwa hivyo mara 14. Jirani yangu kibandani ndiye aliyekuwa akihesabu. Siwalaumu. Pesa ya shule ina orodha yake, na riwaya isiyotahiniwa haimo.

Bango langu nalo lilivuta watu, ila kwa sababu mbaya. Fundi aliyenichapishia, simtaji, aliandika "RIWANYA" kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Nililiona nikiwa nimeshalitundika. Wanafunzi walipiga nalo picha siku mbili mfululizo, na wawili kati yao wakanunua kitabu, labda kwa huruma.

Jioni, waandishi. Nilitarajia mazungumzo ya sanaa, tukazungumza mrabaha, fungu la mwandishi katika mauzo. Mama mmoja mwenye riwaya tano alituwekea mezani nakala mbili za kitabu chake, moja halali na nyingine bandia aliyoinunua mwenyewe kando ya barabara mjini. Bandia ilikuwa nyepesi, wino umepauka, picha ya jalada imefifia kama iliyofuliwa. Akaniambia, "Mdogo wangu, usitie sahihi mkataba usiosema taarifa ya mauzo utaletewa lini." Neno hilo peke yake lilinirudishia nauli.

Lakini aliyenifanya niandike haya ni mzee mmoja aliyenunua nakala Ijumaa, akarudi Jumamosi saa nne asubuhi. Nikaandaa uso wa kupokea sifa.

"Mwalimu, wewe si mtu wa pwani."

"Mimi ni wa Voi, mzee wangu. Lakini Mombasa nina miaka 11."

"Nilijua. Sura ya nne umeleta bamvua, maji kujaa sana, na mwezi ni nusu. Bamvua huja mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Nusu mwezi ni maji mafu, hayapandi hivyo. Huyo Salim wako angekwama mchangani na mashua yake mpaka ashikwe."

Alizaliwa Lamu, na ujana wake aliumalizia majahazini. Alichukua kalamu yangu ya kutilia sahihi akanichorea mwezi na maji nyuma ya kipeperushi, siku kwa siku, huku watu wawili wenye pesa mkononi wakimsubiri amalize. Mswada huo ulipita kwa mhariri, kwa rafiki zangu wawili na kwa mke wangu, na hakuna aliyeliona kosa hilo. (Mke wangu ni wa Machakos, namsamehe.) Sura nzima inasimama juu ya maji yale: Salim anatoroka kwa sababu yamejaa.

Mzee alitaka nakala ya pili, ya kumpelekea kaka yake Lamu, ila kwa sharti nirekebishe kwanza. Nikakata "nusu" kwa kalamu, nikaandika "mpevu" juu yake, nikatia sahihi pembeni. Nakala 37 zilizobaki nilizirekebisha vivyo hivyo, moja moja, ndani ya treni kati ya Syokimau na Mtito Andei.