TAHADHARI NAKURU: Fundi anayeondoa ujumbe wa "faili haipo", kisha anaurudisha mwenyewe

Watu wa Nakuru, hasa nyinyi mnaopeleka laptopu kutengenezwa katikati ya mji, kuna fundi anacheza mchezo mchafu. Jina lake na la duka siandiki hapa kwa sababu malalamiko yameshafika polisi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ipo. Nitaeleza anavyofanya, ili hata akihamia jengo lingine mumtambue kwa kazi yake.

Wa kwanza kuumia ninayemjua ni mama jirani yangu hapa Section 58, anayetengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Laptopu yake, HP ya mitumba, ilianza kuleta kisanduku kidogo kila ikiwashwa. Juu kimeandikwa RunDLL, ndani "There was a problem starting", halafu jina refu la faili inayosemekana haipatikani. Ukibonyeza OK kinaondoka na kazi inaendelea kama kawaida. Lakini mtu ambaye unga wa watoto wake unatoka kwenye mashine hiyo hawezi kutulia. Akaipeleka.

Fundi akamwambia, "Mama, hii imepoteza faili ya mfumo. Ukizidi kuiwasha hivi, bodi itaungua." Akataka Sh2,500 kwa M-Pesa, zitumwe kwa nambari yenye jina la mtu mwingine kabisa wala si till ya duka, yaani nambari ya malipo ya biashara. Risiti hakuna. Laptopu ilale dukani, na pasiwedi aiache.

Bodi kuungua kwa sababu ya kisanduku hicho ni uongo mtupu. Mara nyingi kinatokea hivi: flashi imeingiza virusi, au umeweka programu kisha ukaitoa. Antivairasi inafuta faili yenyewe, lakini amri ya kuifungua kila asubuhi inabaki kwenye orodha ya vitu vinavyoanza pamoja na Windows. Kompyuta inaitafuta, haiioni, inalalamika. Haijapoteza kitu inachokihitaji; kwa kweli imeondokewa na mgeni mbaya. Dawa ni kufuta ile amri iliyobaki. Kuna programu ya bure ya Microsoft inaitwa Autoruns, inayoonyesha orodha yote, na amri zinazoelekeza kwenye faili isiyokuwepo inazipaka rangi ya njano. Unaondoa tiki, unawasha upya, kazi imekwisha.

Na fundi wetu alijua hivyo vizuri sana, kwa sababu ndivyo alivyofanya. Angeishia hapo ningesema ni bei ya kukamua tu, na soko ni huria.

Baada ya muda kisanduku kikarudi, safari hii na jina jingine la faili. Fundi akasema sasa diski inakufa, ilipwe Sh6,500 ya diski mpya. Mama akanipigia: "Mwanangu, hebu njoo unitazamie hii mashine kabla sijatuma hela."

Nilifungua Task Scheduler, pale Windows inapoweka kazi za kujiendesha zenyewe. Kwenye orodha kulikuwa na kazi moja iliyopewa jina la kufanana na masasisho ya Windows. Amri yake ilikuwa kufungua faili ndani ya folda ambayo haijawahi kuwepo kwenye mashine ile. Ilipangwa ifanye kazi kila mtu akiingia, lakini ianze wiki mbili mbele. Safu ya Created, inayoonyesha kazi ilitengenezwa lini, ilisema saa mbili usiku, siku ileile laptopu ililala dukani. Mama alikuwa nyumbani anapika. Na kwa kuwa alimwachia pasiwedi, mwandishi wa kazi hiyo anaonekana ni mama mwenyewe!

Yaani hakuna kilichoharibika. Ujumbe ulitegwa, ukapewa tarehe ya kuamka.

Nikaangalia na RAM, kumbukumbu ambayo mashine hutumia ikifanya kazi. Aliponunua laptopu aliandikiwa 8GB, na karatasi ya muuzaji bado anayo. Sasa ukienda Settings, System, About, inasoma 4GB, yaani nusu haipo.

Nilipoeleza habari hii kwa watu wa karibu, akajitokeza mwanafunzi wa Njoro aliyepita kwa fundi huyohuyo. Kazi yenye jina lilelile ilikuwa kwenye laptopu yake. Yeye hela ya diski "mpya" alishalipa. Tuliipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia hali ya diski, ambayo pia ni ya bure, na ikaonyesha diski hiyo imeshafanya kazi zaidi ya saa 21,000. Mwaka mzima una saa 8,760, jihesabie. Tena alitozwa hela ya "leseni" kwa kuambiwa ujumbe unatokana na Windows 10 kuisha muda. Ni kweli Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kompyuta inaendelea kuwaka, na hilo haliondoi faili yoyote. Anayetaka kupanda hadi Windows 11, kama mashine yake inakidhi masharti, hapandi kwa pesa.

Nisieleweke vibaya, kuna ujumbe wa faili kukosekana ambao si mchezo. Ukiona skrini nyeusi imeandika "BOOTMGR is missing" kabla hata Windows haijafunguka, kwanza chomoa flashi iliyosahauliwa, uwashe tena. Mara nyingine ni hiyo tu. Ikigoma, hapo inahitaji kurekebishwa kwa flashi ya kusakinishia Windows, ambayo programu ya kuitengeneza hutolewa bure na Microsoft, na huenda kweli diski imechoka. Programu moja ikilia kwamba VCRUNTIME140.dll haipo, unaweka Visual C++ Redistributable, kifurushi chenye faili hiyo, kutoka tovuti ya Microsoft. Usiende kwenye zile tovuti za kupakua faili kama hizo za DLL mojamoja, huko ndiko virusi vinakokaa. Na ukishuku faili za Windows zenyewe, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, usubiri.

Mafundi waaminifu mjini wapo wengi, na kazi ya kisanduku kama hiki wanaifanya umekaa hapo kwenye stuli. Anayelazimisha mashine ilale kwa jambo dogo hivi, muulize sababu. Ikibidi ibaki, piga picha ya ukurasa wa About na ya nambari ya diski mbele yake, hamisha picha na nakala za vitambulisho vya wateja wako, na ulipe kwa till yenye jina la duka. Mama jirani alikuwa na picha za marehemu wa watu mle ndani. Hadi leo hatujui zilinakiliwa au la, na hilo linamuuma kuliko hela.

Aliyetapeliwa asidhani ni kiasi kidogo cha kusamehe. Kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018. Hela zenyewe zinadaiwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na huhitaji wakili. Meseji ya M-Pesa usiifute, hata kama jina si la fundi. Mwenye nambari hiyo ana maswali ya kujibu.

Kama laptopu yako ilipita mjini kwa shida ya kisanduku cha RunDLL, fungua Task Scheduler leo, bonyeza Task Scheduler Library upande wa kushoto, vuta hadi safu ya Created. Ukikuta kazi usiyoijua yenye tarehe ya siku uliyoiacha kwa fundi, piga picha skrini kabla hujagusa kitu, kisha niandikie kwa faragha. Tunakusanya hizo picha za skrini ziende polisi pamoja na zile za laptopu ya mama.