Taa ya chaji inayowaka hafifu: tathmini ya gereji ya umeme wa magari Gerezani

Mwenye Land Rover Series III, Peugeot 504 au gari lolote la miaka ya sabini ambalo bado linatembea Dar es Salaam anaifahamu vizuri taa ndogo nyekundu ya chaji iliyopo kwenye dashibodi. Ikiwaka kwa nguvu wakati injini inaunguruma hakuna mjadala, kwa kuwa alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, haichaji na betri itakwisha njiani. Inayowasumbua watu ni taa inayowaka hafifu, ambayo mchana huioni kabisa, lakini ukivuka Daraja la Kigamboni usiku huku taa kubwa zikiwa zimewashwa, inaonekana waziwazi, na hujui kama ni onyo la kweli au ni uzee wa gari. Tathmini hii inahusu gereji moja ya umeme wa magari iliyopo Gerezani ambayo ilishughulikia tatizo hilo kwenye Land Rover yangu ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma). Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu utaratibu wao wa kupima kwanza na kubadilisha baadaye ni adimu mjini hapa, na wenye magari ya zamani wanauhitaji.

Gereji yenyewe haina bango. Ni kibanda cha mabati chenye turubai mbele, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Jina la mwenyewe sitaliandika kwa kuwa sikumwomba ruhusa, lakini ukiwauliza wauza spea wa hapo juu ya fundi mzee wa alteneta za Lucas, wataelewa unamtafuta nani.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimeipeleka gari kwenye gereji nyingine, mbali na hapo, ambako fundi alifungua terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma ili aone kama itazima. Kipimo hicho kimezoeleka tangu zama za dinamo, mashine ya kuchaji iliyotumika kabla ya alteneta, na bado kinafanywa kila kona ya mji, ingawa kwenye alteneta ni cha hatari. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo mzima. Ikiondolewa ghafla wakati alteneta inazalisha umeme mwingi, volti hupanda kwa kishindo na zinaweza kuunguza dayodi (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) na kidhibiti volti kwa mara moja, kiasi kwamba gari lililoingia na hitilafu ndogo hutoka na kubwa. Injini haikuzima, jambo ambalo lilionyesha kwamba alteneta ilikuwa inazalisha umeme, na bado niliambiwa ninunue alteneta nyingine.

Gerezani mambo yalikuwa tofauti tangu salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu. Hiyo taa inawaka kabisa au inafifia?"

Swali hilo peke yake lilitosha kunishawishi kwamba nimefika mahali panapostahili. Akauliza tena kama mwanga wake unaongezeka injini inapokanyagwa au unapowashwa mzigo wa umeme, na kabla sijamaliza kujibu akaniambia niwashe taa kubwa na waipa, nikae kwenye usukani nitazame. Yeye mwenyewe alichukua koti lake la kazi akalifunika juu ya dashibodi, akaingiza kichwa chini yake, na gizani humo taa iliyokuwa haionekani kwa jua la saa nne asubuhi ikajitokeza, na kila tulipoongeza mzigo nayo ikazidi kung'aa.

"Alteneta usinunue kwanza, mwanangu," alisema. "Tupime njia."

Ili kuelewa kwa nini alisema hivyo, inafaa kujua kazi ya taa hiyo, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni ya kuonyesha tu. Kwenye alteneta za Lucas 16ACR, ambazo zilifungwa kwenye Series III nyingi na hutoa hadi ampea 34, taa ya chaji ni kama mizani: upande mmoja umeunganishwa na swichi ya ufunguo inayopata umeme kutoka kwenye betri, na upande wa pili umeunganishwa na alteneta. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, upande wa alteneta hauna umeme, kwa hiyo mkondo hupita kwenye taa, taa huwaka, na mkondo huohuo mdogo huingia kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani ya alteneta, na kuipa usumaku wa kuanzia kazi. Injini ikishawaka, dayodi tatu ndogo ndani ya alteneta, ambazo ni tofauti na zile sita kubwa zinazopeleka chaji kwenye betri, huanza kutoa volti zake zenyewe. Pande mbili zikilingana, hakuna mkondo unaopita kwenye taa, nayo huzima. Taa inayowaka hafifu maana yake ni kwamba pande hizo zimekaribiana lakini hazijalingana. Chanzo kinaweza kuwa ndani ya alteneta, kama vile dayodi moja iliyokufa au brashi za kaboni zilizolika, na kinaweza pia kuwa nje kabisa, pale ambapo alteneta inazalisha vizuri lakini umeme unapotea njiani kabla ya kufika kwenye betri na kwenye swichi.

Upimaji ulifanyika mbele yangu, huku kijana anayejifunza kazi akitakiwa kusoma mita kwa sauti, na nilipenda kwamba kila namba ilielezwa kabla ya kwenda kwenye hatua nyingine. Betri ikiwa imepumzika na injini imezimwa ilisoma volti 12.6, ambayo ni hali ya betri iliyojaa. Mkanda wa feni ulibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ukalegea kwa takribani milimita 12, ikakubaliwa kuwa ni sawa. Injini ikawashwa, ikapandishwa kidogo juu ya sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), taa kubwa zikawashwa, na hapo ndipo jambo likajitokeza: nyuma ya alteneta mita ilisoma 14.2, lakini kwenye nguzo za betri ilisoma 13.1 tu. Fundi hakuridhika na kutoa namba moja kwenye nyingine. Aliweka ncha moja ya mita kwenye terminali ya chaji ya alteneta na ncha ya pili kwenye nguzo chanya ya betri, na mita ikaonyesha moja kwa moja volti 1.1 zilizokuwa zinapotea kwenye waya ambao kwa kawaida haupaswi kupoteza hata nusu volti. Kipimo hichohicho kati ya ganda la alteneta na nguzo hasi kilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia vyuma vya gari, ilikuwa nzima. Mwisho aligeuza mita kwenye umeme wa mkondo geu (AC) kwenye nguzo za betri, kwa kuwa dayodi ikifa huruhusu mawimbi kupenya. Usomaji ulikuwa mdogo sana, chini kabisa ya nusu volti ambayo mafundi huichukulia kuwa ndiyo mpaka wa kuanza kutilia shaka.

Hitilafu ilikuwa kwenye plagi ya plastiki inayochomekwa nyuma ya alteneta, yenye terminali mbili pana za chaji na moja nyembamba ya taa. Ilipochomolewa, injini ikiwa imezimwa na terminali hasi ya betri imeshafunguliwa, terminali moja pana ilikuwa imeota kutu ya kijani, na plastiki inayoizunguka ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kuanza kupinda. Fundi aliniwekea plagi hiyo kiganjani na kunieleza kwamba mkondo wa ampea 15 ukipita mahali panapopoteza volti 1.1, zaidi ya wati 16 za joto huzalishwa ndani ya kitu kidogo kuliko kiberiti. Kwa magari yanayoishi Kigamboni, ambako hewa ya bahari yenye chumvi inaingia kila mahali, na yanayokatiza kwenye madimbwi wakati wa masika, kutu ya namna hii kwenye shaba si jambo la kushangaza, na naamini alteneta nyingi nzima zimetupwa mjini hapa kwa sababu yake.

Matengenezo yalikuwa mafupi kuliko upimaji. Waya ulikatwa hadi kufikia shaba safi inayong'aa, terminali mpya zikabanwa kwa koleo na kuongezewa risasi, plagi mpya ikaletwa kutoka Shaurimoyo, na meno ya alteneta yakasuguliwa kwa msasa laini kabla ya kupakwa mafuta mazito ya kuzuia unyevu. Baada ya hapo alteneta ilisoma 14.2 na betri 14.0 mzigo wote ukiwa umewashwa, na chini ya lile koti kulikuwa na giza tupu.

Jambo moja aliloongeza bila kuulizwa linastahili kufika kwa wenzangu wenye magari haya. Balbu ya taa ya chaji ni ya wati 2.2, na ukubwa huo una sababu, kwa kuwa ndio unaopitisha mkondo wa kutosha kuiamsha rota. Anayeiondoa na kuweka balbu ya LED kwa kupenda mwanga mweupe anaweza kukuta alteneta haianzi kuchaji hadi akanyage mafuta kwa nguvu, au isianze kabisa. Balbu ikiungua nayo huleta matokeo hayohayo, na ubaya wake ni kwamba dashibodi inabaki kimya wakati betri inakwisha. Kwa hiyo taa isiyowaka unapofungua ufunguo inafaa kukutia wasiwasi kama ile isiyozima. Wenye Land Rover za kabla ya 1971, ambazo nyingi zinatumia dinamo, wajue kwamba maelezo haya si yao yote: dinamo huzalisha kidogo sana injini ikiwa kwenye sailensa, na taa kuwaka kidogo hapo na kuzima ukikanyaga mafuta ni hali ya kawaida.

Gharama ya uchunguzi ilikuwa shilingi 20,000, ambayo ilihesabiwa ndani ya malipo ya kazi, na jumla pamoja na plagi na terminali ikafika shilingi 55,000, chini ya robo ya bei ya alteneta ya mtumba niliyokuwa nimetajiwa awali. Vipande vya zamani nilirudishiwa vyote bila kuomba.

Kasoro zipo, na ni za kweli. Hakuna risiti wala dhamana ya maandishi. Fundi alisema nirudi taa ikiwaka tena, na ingawa namwamini, mteja anayetumia gari la kampuni atapata shida kuthibitisha malipo. Turubai halizuii mvua ya maana, hivyo wakati wa masika kazi husimama. Fundi hushughulikia gari moja kwa wakati na hakubali kuharakishwa, jambo ambalo kwangu ni sifa lakini kwa mwenye daladala litakuwa hasara. Maegesho ni ya kubahatisha, na ada ya kuegesha mtaani ni juu yako. Kwa magari ya kisasa ambayo kompyuta ndiyo inayoamua kiwango cha chaji, atakwambia mwenyewe uende kwingine, na uaminifu huo nimeuheshimu kuliko gereji zinazopokea kila kinachoingia.

Anayekusudia kwenda afike mapema asubuhi, kabla foleni ya spea haijafunga mtaa, na aende na betri iliyojaa, kwa kuwa betri iliyochoka huvuruga vipimo vyote na fundi atairudisha kwanza ikachajiwe. Injini isioshwe kabla ya kwenda: kutu ya kijani, alama za kuungua na vumbi lililoganda kwenye plagi ndivyo anavyoanza kuviangalia anapofungua boneti.