Kahawa chungu au chai ya maziwa: ipi inaupa mwili nguvu?
Mjadala huu hauishi vijiweni Kariakoo. Mimi naupima kwa nguvu, uchomaji wa mafuta na usingizi.

Kahawa ya dele, ile nyeusi ya kikombe kidogo, karibu haina kalori. Kafeini yake haileti nishati mpya. Inazuia adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka. Ndani ya saa moja unachangamka, na kwa saa chache mwili unachoma nishati zaidi kidogo. Kidogo, nasisitiza: anayeitegemea peke yake kuondoa kitambi atangoja sana. Ukiisindikiza na vipande viwili vya kashata, sukari imeshafidia kilichochomwa.

Chai ya maziwa ni chakula: maziwa na sukari vina kalori za kweli. Mbeba mizigo anayeingia sokoni alfajiri na tumbo tupu itamfaa zaidi.

Kwa usingizi pia chai inashinda, maana kafeini yake kwa kawaida ni pungufu. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kahawa ya magharibi bado inafanya kazi karibu na saa sita usiku. Dereva wa zamu ya usiku anaitaka hiyo. Mjamzito aipunguze, na chai pia aihesabu.