GPS ya kwanza ya gari lako hapa Lubumbashi: anza na ipi?

Magari mengi yanayoingia Lubumbashi yamezeekea Japani. Yanashuka Dar es Salaam, yanapita Tunduma na Zambia, kisha yanavuka Kasumbalesa yakiwa na usukani wa kulia na skrini inayoongea Kijapani. Mnunuzi anafurahi: gari lina GPS! Kwa kweli, nyingi ya skrini hizo zina ramani ya Japani tu. Ukiwa Katuba, zinakuonyesha alama ya gari katikati ya weupe mtupu. Ndiyo maana, kati ya GPS nne ninazozipanga hapa, nimeiweka hiyo ya mwisho kabisa.

Kwanza tuondoe hofu moja inayowapotezea watu dola nyingi. Kupokea setilaiti hakuli mega. Setilaiti za GPS za Marekani ziko juu kilomita 20,200 hivi, zinatangaza saa na mahali zilipo, na kifaa chako kikizisikia nne kinajua kilipo. Simu nyingi za sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kinachokula mega ni ramani, kama hukuipakua mapema ukiwa nyumbani. Bila intaneti simu huchelewa kidogo kujipata mara ya kwanza. Iache nje chini ya anga wazi, itajipata.

Ya kwanza: simu uliyo nayo. Siyo kwa sababu ni ya bure. Ni kwa sababu inakuruhusu kujaribu programu tatu za ramani kabla hujanunua chochote, na katika mji wetu ramani ndiyo inayokufikisha. Weka Organic Maps na OsmAnd, zote mbili zinatumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea njia. Weka pia Google Maps na uhifadhi eneo la mji. Kumbuka tu kulisasisha, kwa kuwa eneo lililohifadhiwa huisha muda. Kisha zima data na utafute sehemu tatu: avenyu yako, nyumba ya ndugu yako huko komini ya Ruashi au ya Kenya, na njia ya shamba upande wa Kipushi. Ramani inayozijua nyingi zaidi ndiyo yako. Kama avenyu yenu haimo kwenye OpenStreetMap, iandike mwenyewe. Jirani yako ataikuta.

Pesa yako iende kwenye kishikio na chaja. Chaja ya tundu la kiberiti itoe angalau ampea 2.4, maana skrini ikiwaka safari nzima, chaja dhaifu inashindwa na betri inashuka huku waya umechomekwa. Kishikio cha kunyonya kioo hakipendi jua letu la Oktoba: kinaachia, na simu yenyewe inachemka na kuzima skrini. Chukua cha kubana kwenye tundu la hewa, baridi ya gari iipulizie simu.

Na kama usukani wako uko kulia, usiiweke simu katikati ya kioo, nakuomba. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo ukitaka kulipita lori la shaba njia ya Likasi unachungulia kushoto kabisa, na simu inakaa palepale unapotakiwa kuona gari linalokuja. Iweke chini, kwenye tundu la hewa la upande wa mlango wako.

Kuna mpangilio mmoja wa kugusa kabla ya mvua kuanza. Januari moja, programu niliyokuwa nayo ilinipeleka njia ya mkato nyuma ya Ruashi. Ilihesabu kilomita, haikuhesabu tope. Gurudumu la mbele lilizama hadi kitovuni kwenye udongo mwekundu, na vijana wanne walisukuma karibu saa nzima. OsmAnd na Organic Maps zina sehemu ya "epuka barabara zisizo na lami", iwashe. Ila "epuka barabara za kulipia" izime ukienda Kasumbalesa, la sivyo inaweza kukutafutia vumbi ili kukuokolea peaje.

Ya pili: redio ya Android ya dashibodi. Ni nzuri kwa anayeendesha kila siku, hasa wa teksi, maana simu inabaki mfukoni mbali na mikono ya dirishani. Pima tundu kabla ya kulipa: tundu la Toyota nyingi za Japani lina upana wa milimita 200, wakati redio za kawaida ni 178 hivi. Usichukue yenye RAM chini ya gigabaiti 4, ramani zitakwama. Antena ya GPS ikae juu ya dashibodi chini ya kioo, siyo nyuma ya chuma.

Na simama karibu na fundi. Wangu alinionyesha nyaya mbili kabla ya kuzifunga: "Papa, hii ya manjano njo ya batri, hii nyekundu njo ya kontakti." Ya kontakti hupata umeme ukizungusha ufunguo tu. Mafundi wenye haraka huziunganisha zote mbili kwenye betri, redio hailali, na asubuhi gari haliwaki.

Ya tatu: Garmin, kifaa cha GPS cha kujitegemea. Inunue kama kazi yako ni porini, Kasenga na kwendelea. Inastahimili joto na mtikisiko kuliko simu. Lakini ile ya mtumba kutoka Ulaya huja na ramani ya Ulaya, kwa hiyo omba uwashiwe hapohapo dukani na utafute Likasi. Isipoiona, hesabu pia gharama ya ramani, mfano Tracks4Africa, au tafuta mtu wa kukuwekea ramani ya bure ya OpenStreetMap.

Ya mwisho: navi ya Kijapani, ile skrini iliyokuja na gari. Usimlipe mtu anayeahidi kuitia ramani ya Kongo kabla hajakuonyesha gari lingine alilofanikiwa. Kama unaibakiza kwa ajili ya muziki na kamera ya nyuma, usiitoe kadi yake ya SD: navi nyingi za Toyota, betri ikikatwa bila kadi hiyo, hujifunga na kuomba namba. Redio yake nayo inaanzia 76 na kuishia 90 au 95 MHz, kwa hiyo stesheni zetu za juu ya hapo hutazisikia.