Kocha mwenye jina au msaidizi anayechipukia?

Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo (si soka) ukiisha, kuna mashabiki wanaojiuma vidole: "Yule kocha tulimwachaje?" Basi chuo kikitafuta kocha mkuu, kichukue mwenye jina au kocha msaidizi wa timu nyingine?

Kwa gharama, msaidizi anashinda mapema. Mwishoni mwa 2017, chuo cha Texas A&M ilimchukua Jimbo Fisher, kocha bingwa wa msimu wa 2013 akiwa chuo cha Florida State, kwa dola milioni 75 za miaka 10. Ilipomfukuza Novemba 2023, fidia pekee ilizidi milioni 75. Kumwondoa ghali kuliko kumleta!

Kwa uhakika, mwenye jina ana rekodi ya kuonyesha. Msaidizi ni bahati nasibu. Kirby Smart na Jeremy Pruitt wote walikuwa wasaidizi waliosimamia ulinzi chuo cha Alabama chini ya kocha mkuu Nick Saban. Smart akawa kocha mkuu wa chuo cha Georgia, akakipa ubingwa misimu ya 2021 na 2022. Pruitt, kocha mkuu wa chuo cha Tennessee, alitimuliwa Januari 2021. Jiko moja, chungu kimoja kimeiva, kingine kimeungua.

Subira? Hata Smart alipoteza mechi 5 msimu wake wa kwanza Georgia.

Chuo chenye wafadhili matajiri na kikosi kilichokamilika kinaweza kununua jina. Kinachojenga upya, tena jirani na sekondari zenye vipaji vingi vya kusajili, mimi ningejaribu msaidizi.