Walipandisha bei wakati kianzio nimeshalipa

Naanza na jibu nililopewa kaunta, maana ndilo linaloniuma mpaka leo: “Kaka, kama bei ni shida, kacheze bao.” Mbele ya wateja! Na risiti ya kianzio ninayo mkononi, ya hapohapo dukani kwao, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo.

Niliagiza Nintendo Switch 2, mashine ya kuchezea gemu, na padi yake ya Pro (ile ya kushika mkononi unapocheza) kabla hazijatoka, mzigo upitie Marekani. Baadaye napigiwa simu: ongeza laki na nusu, “kiwanda kimepandisha.” Kimepandisha nini? Tarehe 2 Aprili 2025 mashine ilitangazwa dola 449.99, padi 79.99. Siku hiyohiyo Trump akatangaza ushuru wake, oda za Marekani zikaahirishwa, na zilipofunguliwa tarehe 24 mashine ilikuwa bei ileile. Padi ndiyo ilifika 84.99. Dola tano, haifiki hata elfu kumi na tano! Laki na nusu imetoka wapi?

Wala kiwanda sikitetei. Kupandisha bei ya kitu ambacho bado hakijaingia sokoni ni uhuni, tena kwa kisingizio cha “hali ya soko”, wakati ule ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, wanakotengenezea sehemu ya mzigo wao, ulikuwa umeshasitishwa kwa muda. Na mimi wa Mbagala, ushuru wa Marekani unanihusu nini? Lakini angalau wao walitangaza kabla ya kufungua oda. Mnunuzi wa kule aliiona bei mpya hela ikiwa bado mfukoni mwake. Hawa walikuwa wameshaila yangu.

Haya, mashine yenyewe. Tamu! Mwanangu na shemeji wanagombania gemu la Mario Kart World mpaka ugali unapoa, umeme ukikatika wanaendelea nayo mkononi. Siku ya kwanza nilitaka kuwapa duka nyota tatu. Nikasema labda na wao wamebanwa na mtu wa kago, labda dola iliwapiga. Labda.

Ila mashine niliilipia hiyo nyongeza kwa shingo upande, padi nikaikataa, nikaomba kianzio chake kirudi. “Hela ikishaingia haitoki, chagua kava.” Nyota moja, na hiyo ni ya Mario. Kava lenyewe walilonipa ni la simu ambayo sina.